Mombasa si ufuo pekee: Jinsi ya kuuzuru Mji wa Kale na kuuelewa

KILA msimu wa likizo uwadiapo, maelfu ya Wakenya hufunga safari kuelekea Mombasa. Baadhi yao huabiri gari la moshi la reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, wengine hupanda mabasi ya usiku, na wachache huenda kwa ndege.

Wafikapo, aghalabu huvuka daraja la Nyali au feri ya Likoni na kwenda moja kwa moja ufuoni. Huogelea siku tatu au nne, wakapiga picha chini ya zile pembe za ndovu za Barabara ya Moi, kisha wakarejea bara wakisimulia kwamba wameiona Mombasa.

Ukweli ni kwamba wameiona bahari. Mombasa yenyewe, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuwasifu wakazi wake kwa uchaji Mungu na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, hawajaiona hata kidogo. Mji huo ungalipo kisiwani, na mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu kwa siku moja.

Makala haya yanaeleza mambo ya kutazama na ya kufanya kwa mgeni anayetaka kuujua utamaduni wa mji huo, na sababu za kufanya hivyo sasa badala ya kungoja. Kwani, kama tutakavyoona, baadhi ya mambo hayo hayatangoja.

NGOME YA YESU

Ziara yoyote ya Mji wa Kale huanzia Ngome ya Yesu, na ni vyema kufika mapema kabla jua halijapanda. Mwananchi abebe kitambulisho chake kwa sababu ada ya Wakenya ni ndogo kuliko ya wageni wa kutoka ng'ambo.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Aliyeichora ni msanifu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati, na inasemekana kwamba ukiitazama kutoka juu umbo lake ni la mtu aliyelala chali. Kuta zake zimesimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe uliochongwa, hivi kwamba ni vigumu kutambua mwamba unakoishia na ukuta unakoanzia.

Wareno hawakuwa wageni wema. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi Aprili mwaka 1498, na kabla ya karne moja kupita mji ulikuwa umeshambuliwa na kuchomwa zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1505 na mwaka 1528. Ngome ilikusudiwa kuulinda mlango wa bandari, lakini pia kuwatuliza wenyeji kwa mizinga.

Wenyeji hawakutulia. Kisa cha Yusuf bin Hasan kinatosha kuwa mfano. Mwana huyu wa mfalme alichukuliwa na Wareno akiwa bado mtoto baada ya babake kuuawa. Akapelekwa Goa, huko India, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo Chingulia. Aliporudishwa kutawala, Wareno waliamini wamepata kibaraka.

Mwezi Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni wa Wareno na kuirejea dini ya wazee wake. Mwaka uliofuata aliuacha mji na Wareno wakarudi. Juu ya lango la ngome kungali na maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 yanayomsifu kapteni aliyeikarabati na kuwaadhibu wenyeji wa pwani. Mgeni ayasome maandishi hayo huku akikumbuka kwamba yaliandikwa na upande mmoja tu wa ugomvi.

Mzingiro mkubwa kuliko yote ulianza mwezi Machi mwaka 1696, Waarabu wa Oman walipoizunguka ngome. Ulidumu hadi Desemba mwaka 1698, takriban miezi 33. Waliokuwa ndani hawakuangamizwa na risasi pekee bali pia na maradhi, na ngome ilipotekwa walikuwa wamebaki wachache mno. Merikebu ya Kireno iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vilivyopatikana huonyeshwa katika makavazi yaliyomo ngomeni.

Baadaye ngome ikawa makao ya magavana wa ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa hadi mwaka 1837 walipozidiwa nguvu na Seyyid Said. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza jela. Ilikoma kuwa jela mwaka 1958 ilipotangazwa kuwa turathi ya kitaifa, na makavazi yakafunguliwa mwaka 1960. Shirika la UNESCO liliiorodhesha miongoni mwa turathi za ulimwengu mwaka 2011.

Usiondoke kabla ya kuona mambo mawili. La kwanza ni michoro ya merikebu na watu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno kwa mkaa na rangi nyekundu. Ni kazi ya mikono ya vijana waliokuwa mbali na kwao na wasiojua iwapo wangerudi. La pili ni Nyumba ya Waomani, ambako mgeni ataona vyombo, mapambo na mavazi ya watu wa pwani, na kutoka huko juu ataiona bahari yote ya mlango wa bandari.

Ukitoka nje, upande wa pili yako makaburi ya ukoo wa Mazrui. Hapo ndipo alipozikwa Profesa Ali Mazrui, msomi mashuhuri aliyefariki nchini Marekani mwezi Oktoba mwaka 2014. Baada ya kufundisha katika vyuo vikuu vya mbali kwa miongo mingi, alirudishwa kulala mkabala na ngome iliyotawaliwa na mababu zake.

NDIA KUU NA VICHOCHORO VYAKE

Kutoka ngomeni, barabara ya kuingia mjini huitwa Ndia Kuu. Mtu wa bara huenda akadhani jina hilo limeandikwa visivyo. La hasha. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, "njia" ni "ndia", "njoo" ni "ndoo" na "macho" ni "mato". Hivyo jina la barabara ni somo la kwanza la lugha kwa mgeni.

Somo hilo lina historia yake. Mwaka 1928 wajumbe wa maeneo ya Afrika Mashariki walikutana papa hapa Mombasa kuchagua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Walichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Kimvita, kilichokuwa kimetumiwa katika ushairi kwa karne kadhaa, kikabaki kuwa lugha ya nyumbani na ya washairi. Ukiwasikiliza wazee walioketi barazani Kibokoni au Kuze, utasikia lugha ambayo kidogo tu iwe ndiyo unayofundishwa shuleni.

Nyumba za mji huu zinahitaji jicho la utulivu. Zile kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyogandishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vya kale navyo ni vyembamba. Ukubwa wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti. Kuta nene huzuia joto, na vichochoro vyembamba hutiwa kivuli na nyumba zenyewe, hivyo upepo wa bahari hupenya ukiwa baridi.

Mbele ya nyumba kuna baraza ya mawe. Hapo mwenye nyumba humpokea mgeni asiyestahiki kuingia ndani, na hapo ndipo habari za mji hupimwa, ndoa hupangwa na siasa hujadiliwa. Ndani zaidi ni kwa jamaa, na hasa kwa wanawake. Utaratibu huu wa kutenga nje na ndani ndio unaoeleza kwa nini nyumba nyingi zina uso mkimya kuelekea barabarani.

Tazama pia milango. Mlango wa nakshi una mabawa mawili, na katikati huwa na mti wima unaoitwa mfaa, ambao hupambwa kuliko sehemu nyingine. Miimo na kizingiti cha juu hubeba maua na pengine maandishi ya Kiarabu. Ukiinua macho utaona roshani za mbao zenye kimiani, ambazo nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Hizo zinaonyesha mkono wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi waliohamia hapa wakati huo. Mji huu haukujengwa na taifa moja.

Wenyewe husema Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili. Matatu kati yake, Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, huitwa Miji Mitatu. Tisa yaliyosalia, wakiwemo Wamvita na Wajomvu, huitwa Miji Tisa. Mgeni akimsikia mzee akijitambulisha kwa mojawapo ya majina hayo, ajue anasikia ramani ya kale ya kisiwa hiki na majirani zake.

Katika matembezi hayo usikose kupita nje ya Msikiti wa Mandhry, unaoaminika kuwa kongwe kuliko misikiti yote inayotumika mjini humo na kukadiriwa kujengwa karibu na mwaka 1570. Mnara wake mweupe uliochongoka kuelekea juu haufanani na ya misikiti mipya. Hapo karibu pana kisima. Ibn Battuta naye aliandika kuhusu visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti ya Mombasa, ambamo watu waliteka maji wakaosha miguu kabla ya kuingia.

Mbele zaidi ni Bandari ya Kale. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka hapa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na India, yakileta tende, mazulia na vyombo, na kurudi na kusi yakiwa yamebeba boriti, pembe na nafaka. Meli kubwa zilipohamia Kilindini, shughuli zilipungua, na leo ni vyombo vichache tu vinavyotia nanga. Hata hivyo, harufu ya samaki wakavu ingalipo.

Hatua chache kutoka hapo iko nyumba ya Leven, iliyochukua jina la manowari ya Kapteni Owen wa Uingereza aliyefika Mombasa miaka ya 1820. Ngazi zilizo karibu nayo huteremka hadi baharini.

SHAIRI, LESO NA KAHAWA

Utamaduni wa Mombasa haumo katika mawe pekee. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliishi hapa Muyaka bin Haji, mshairi aliyeutoa ushairi misikitini na kuuleta sokoni na barazani. Alitunga kuhusu mapenzi, ufukara, unafiki wa marafiki na vita vya Mombasa dhidi ya Seyyid Said. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu miaka mingi kabla ya kuandikwa.

Mkondo huo haukukatika. Ahmed Nassir Juma Bhalo alijulikana kama Malenga wa Mvita. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliyafungia mashairi ya Sauti ya Dhiki kifungoni alipofungwa kwa sababu za kisiasa kati ya mwaka 1969 na 1972. Katika taarabu, sauti za Juma Bhalo na Zuhura Swaleh zingali zikisikika madukani na arusini. Mgeni akialikwa kwenye arusi ya mjini, asikatae. Atajifunza usiku mmoja kuliko wiki nzima ya kusoma vibao vya makavazi.

Shairi lingine huvaliwa. Nenda Barabara ya Biashara, ambako maduka ya leso yamepangana pande zote mbili. Mojawapo, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ni la ukoo ulio katika biashara hiyo tangu mwaka 1887. Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, ambalo ndilo yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji.

Jina ndilo kiini cha leso. Mwanamke wa pwani huweza kumshukuru mamake, kumbembeleza mumewe au kumpa jirani kijembe bila ya kufungua mdomo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumnunulia mavyaa leso kwa kupendezwa na rangi, soma jina kwanza. Wako waliopeleka zawadi nyumbani wakaanzisha ugomvi.

Tumbo nalo lina haki yake. Asubuhi mji hula mahamri na mbaazi za nazi. Adhuhuri ni pilau, biriani, au wali wa nazi na samaki wa kupaka. Viungo vya mapishi hayo utavikuta Marikiti, soko ambalo jina lake ni Kiingereza kilichotiwa ladha ya pwani: iliki, mdalasini, karafuu, manjano na pilipili manga huuzwa humo kwa mizani na kwa maneno mengi.

Alasiri, muuza kahawa hupita na dele lake, akigonganisha vikombe ili asikike. Kahawa yake ni tungu, haina sukari. Utamu hutoka kwenye kipande cha haluwa au kashata unachotafuna kando. Kaa barazani unywe kikombe hapo hapo. Ukiomba utiliwe uende nacho, utakuwa umenunua kahawa ukaacha utamaduni.

Jioni mji mzima huteremkia Mama Ngina, ukingo wa bahari uliofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019. Chini ya mibuyu mikongwe utapata madafu, muhogo uliotiwa ndimu na pilipili, viazi vya karai na achari ya maembe. Meli za Kilindini hupita karibu hivi kwamba watoto huzipungia mikono.

SIKU YA PILI

Mwenye siku ya pili avuke daraja la Nyali hadi Kengeleni. Jina hilo linatokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliokombolewa. Wazao wao wangali wanaishi pwani, na historia yao haisimuliwi vya kutosha.

Kutoka hapo anaweza kwenda Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni mwaka 1846. Rabai pia ina kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoorodheshwa na UNESCO pamoja na kaya nyingine mwaka 2008. Msitu wa kaya hauingiwi kiholela. Sharti upate ruhusa na uongozwe na wazee.

ADABU ZA MGENI

Mji wa Kale ni makazi ya watu. Waliomo barabarani wanakwenda dukani, msikitini na madrasani. Kwa hiyo vaa mavazi ya heshima, yanayofunika mabega na magoti. Toa salamu kabla ya kuuliza swali. Usimpige mtu picha bila idhini, hasa wanawake na watoto, na usichungulie milango iliyo wazi.

Msikiti usiingiwe ila kwa kukaribishwa, na si wakati wa sala. Siku ya Ijumaa panga matembezi yako kabla au baada ya adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Badala yake njoo baada ya magharibi, mji unapofuturu na vichochoro kujaa watu hadi usiku wa manane. Kodi mwenyeji akuongoze, mkubaliane bei kabla ya kuanza, na mtaondoka wote wawili mkiwa radhi.

MJI USIONGOJA

Twarejea sasa kwenye swali la kwa nini safari hii isicheleweshwe. Mji wa Kale unalindwa na sheria za uhifadhi, lakini yeyote anayetembea humo huona maghorofa ya saruji yakiinuka mahali palipokuwa na nyumba za matumbawe, na roshani zikining'inia bila wa kuzitengeneza.

Sababu zake zaeleweka. Nyumba ya kale aghalabu hurithiwa na watu wengi, na warithi kumi wenye mafungu kumi hawakubaliani upesi juu ya gharama ya paa. Chokaa na boriti ni ghali, mafundi wanaojua kuvitumia wamepungua, ilhali saruji hupatikana kila duka. Mwenye nyumba akipewa bei nzuri ya kiwanja, ni vigumu kumlaumu akiuza.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni nyumba ile kuwa na manufaa kwa mwenyewe ikiwa imesimama. Mgeni anayelala katika nyumba ya wageni iliyo mjini, anayekula kwa mama muuza mahamri, anayemlipa kijana wa Kibokoni amwonyeshe vichochoro, na anayenunua kofia kwa aliyeishona, anaweka jiwe katika ukuta huo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi wageni wamekuja Mombasa na kupita kando ya mwenyeji wakielekea ufuoni. Likizo ijayo, kabla ya kuvuka daraja, shuka garini kisiwani, uulize iliko Ndia Kuu. Ufuo utaukuta kesho pale pale. Nyumba ya matumbawe huenda usiikute.